Zahanati ya kijijini kwetu: tuandike barua kwa shirika gani?

Mzawa wa Lindi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na mambo ya afya vijijini.

Kijiji chetu kiko Lindi, ndani kabisa, kule ambako masika ikichanganya hata fuso haliingii. Zahanati tunayo. Ina nesi mmoja na mhudumu mmoja, wanajituma kweli, ila nesi kapanga chumba mbali na zahanati, kwa hiyo ukiugua usiku unamfuata na tochi. Wananchi walipandisha boma la nyumba ya mtumishi mpaka kwenye lenta, nguvu zikaishia hapo. Sasa hivi wapangaji ni mbuzi. Dawa nazo ndiyo hivyo, ukifika unapimwa, unaandikiwa karatasi, ukatafute dukani.

Sisi wazawa tulioko Dar tuna kundi la WhatsApp, tumechanga kiasi, na tunataka kuandika andiko la mradi. Mmoja anasema Amref, mwingine Mkapa Foundation, mwingine twende ubalozini. Nani hasa anasaidia zahanati ya namna hii? Na barua tuandike sisi au kijiji?

Kipanga

Mkuu, mashirika ni semina na fulana. Hiyo hela nunueni bati mpaue. Mkikaa mwaka mzima mnaandika maandiko, mbuzi watazaliana humo.

Mfawidhi Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mpaka nastaafu, sehemu kubwa Dodoma, na wageni wa mashirika nimewapokea sana. Kipanga ana hasira zake, lakini kwenye bati hajakosea.

Shirika kubwa haliji kwa ajili ya zahanati moja. Linakuja na mradi ambao wilaya zake zimeshachaguliwa, na mlango wake ni halmashauri, kwa DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya. Amref walianza 1957 na madaktari wa ndege, leo wana miradi ya kila aina, ila yote inapita mlango huohuo. Mkapa Foundation, tangu 2006, nguvu yao kubwa ni watumishi: kuwapata na kuwapeleka kwenye wilaya zilizokaukiwa. Waliwahi kujenga na nyumba za watumishi kwa fedha za Global Fund, kwa hiyo aliyewataja hakukosea. Lakini msitegemee barua ya kundi la WhatsApp iingize kijiji chenu kwenye orodha.

Mimi ningeuliza kwanza: kamati ya usimamizi ya zahanati inakaa? Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hata zahanati. Mfuko huo umechangiwa miaka mingi na nchi kama Denmark, Uswisi na Ireland. Hao wafadhili mnaotaka kuwafuata ubalozini, fedha yao mnaweza kuikuta imeshafika kijijini. Wanaopaswa kupitisha mpango wa matumizi ni kamati, na wajumbe wengine ni wanakijiji wenzenu.

Dawa. Zahanati inaagiza MSD, Bohari ya Dawa ya serikali. MSD wakikosa, kuna mshitiri, yaani muuzaji wa jumla aliyeshinda zabuni ya mkoa, na bei zake ziko kwenye mkataba. Mfumo unaitwa Jazia. Tulianza nao Dodoma 2014 kwenye mradi uliofadhiliwa na Waswisi, baadaye ukaenda nchi nzima. Mimi niliupenda, maana kabla yake nilikuwa naomba nukuu za bei duka kwa duka huku wagonjwa wamekaa kwenye benchi. Ila mshitiri hakopeshi maneno. Analipwa na makusanyo ya zahanati: papo kwa papo, bima na CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii. Kijiji ambacho hakijajiunga na bima, mfawidhi wake hana cha kuagizia. CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya hadi watu sita ililipa 30,000 kwa mwaka. Kwa hiyo sehemu ya mchango wenu ingefanya kazi zaidi kama ingewalipia bima kaya zisizojiweza kuliko kubeba maboksi ya dawa kutoka Kariakoo. Na maboksi yenyewe yanamtia nesi matatani. Hayapo kwenye leja, akija mkaguzi ataulizwa yametoka wapi.

Nyumba ndiyo kazi yenu hasa. Barua iandikwe na serikali ya kijiji, iambatane na muhtasari wa mkutano mkuu, ipite kamati ya maendeleo ya kata, iende kwa mkurugenzi na nakala kwa DMO. Wekeni picha ya boma, na andikeni mmechanga kiasi gani, maana anayepanga fedha humkubali haraka aliyeanza mwenyewe. Ulizeni Mfuko wa Jimbo kwa mbunge, ulizeni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Na msisubiri Mei: bajeti ya Julai inapangwa miezi mingi kabla.

Mzawa wa Lindi

Shikamoo mzee wangu. Umenifungua macho, nimeshaituma kwenye kundi.

Kuhusu kamati, nimempigia mjomba. Yeye ni mjumbe, lakini anasema tangu achaguliwe hajaitwa kikao hata kimoja. Halafu nilisahau suala la wajawazito. Mama akizidiwa usiku tunakodi bodaboda, anakaa katikati, ndugu nyuma anamshikilia.

Noah ya Shinyanga

Kaka, bodaboda hapana. Pigeni 115, bure. Hiyo ndiyo m-mama, huduma ya usafiri wa dharura, ilianzia huku kwetu Kanda ya Ziwa, na 2022 Rais akaizindua kitaifa. Wanaangalia gari la wagonjwa liko wapi. Kama liko mbali wanampigia dereva jamii wa karibu. Mimi ni mmojawapo. Nikishamfikisha mama hospitali na kupokelewa, nauli inaingia kwenye simu. Familia hailipi kitu. Ni kwa mjamzito, aliyetoka kujifungua na kichanga, sasa usije ukapiga kwa ajili ya mzee wa presha.

Cha kuuliza ni kama kata yenu ina dereva aliyesajiliwa. Kama hakuna, mwenye gari zima hapo kijijini aende kwa nesi aulize utaratibu. Na awe mtu wa kupokea simu saa nane usiku, maana wengine wanajisajili halafu wanazima.

Mfawidhi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Sikiliza dereva.

Mjomba wako aende kwa mfawidhi mchana, kwa adabu, aombe kuona daftari la mihutasari ya kamati. Fedha ya zahanati haitakiwi kutoka bila kamati kupitisha. Kama inatoka na mjumbe hajaitwa, atazame mahudhurio: huenda jina lake limo na sahihi ipo.

Kipanga

Hapo ndipo patamu. Mzawa, ulete mrejesho.