Ushauri: Kibaraza cha nyuma kiwe chumba cha kufulia na cha kuvulia viatu vya matope

MamaWaUyole
Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu kabla fundi hajaanza kazi.

Tunaishi Uyole, Mbeya. Nyumba ni ya vyumba viwili na sebule, na mlango tunaoutumia siku zote ni wa nyuma, unaoingilia jikoni. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua haina simile. Sisi wazazi tunashinda shamba la viazi, watoto wanarudi shule kwa barabara ya udongo, na kila mtu akifika anaingia na gambuti zake hadi pale tunapopikia. Nguo tunafulia nje kwenye mabeseni. Wingu likitanda tunazikimbizia ndani, tunazianika sebuleni mpaka zinaanza kunuka uvundo.

Nyuma kuna kibaraza kilichoezekwa, mita 1.6 kwa mita 2.8. Nataka kukizungushia ukuta kiwe chumba kimoja: mtu aingie, avue viatu na koti, anawe miguu, nguo chafu zibaki hapo hapo, na mashine ya kufulia ikae humo. Nimeipenda moja ya kilo 7 yenye mlango wa mbele. Maji ni ya mgao, ila tuna tenki la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 3. Maji machafu yote yanaingia shimo la choo.

Mashine ikae wapi? Sakafu iweje? Na nguo safi zinaweza kweli kukaa chumba kimoja na matope?

FundiBomba_Iringa
Dada, mashine iweke pembeni kwanza, tuanze na maji yanakokwenda. Chumba cha aina hii kinaharibikia sakafuni.

Sakafu ya kibaraza iwe chini ya sakafu ya jikoni kwa sentimita 5 hivi, ili hata bomba likipasuka usiku maji yasiingie ndani. Halafu mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea kona moja tu. Mafundi wengine wanateremshia katikati ya chumba, mwisho wa siku benchi na mashine vinayumba. Tailizi chagua zenye mkwaruzo, zile za kung'aa zikilowa zinavunja watu viuno.

Sehemu ya kunawia miguu jengea kibeseni cha tofali, sentimita 60 kwa 60, ukingo wa sentimita 15, na bomba chini kwa usawa wa goti. Maji yake yapite kwanza kwenye chemba ndogo nje, bomba la kutokea likiwa juu ya kitako kwa sentimita 30. Udongo unatuama chini, wewe unauchota kwa koleo. Bila hivyo, udongo wa shamba utaziba bomba ndani ya msimu mmoja.

Na maji ya sabuni usiyapeleke shimo la choo, tafadhali. Shimo litajaa mapema, na jiki inaua bakteria wanaoozesha kinyesi. Chimba shimo la kunyonya la peke yake, ujaze mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali na kisima.

Umeme_Makambako
Naongezea la msukumo wa maji, maana hapa watu wengi wanakwama. Kimo cha mita 10 kinatoa bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo). Mnara wako wa mita 3 unakupa kama bar 0.3. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka kuanzia bar 0.5, soma kitabu chake, mara nyingi imeandikwa 0.05 MPa, ni kitu kile kile. Msukumo ukiwa mdogo mashine inangoja maji, haiyapati ya kutosha, inasimama na kuonyesha kosa. Una njia tatu: pampu ndogo ya kuongeza msukumo, kuinua mnara, au kuchukua mashine ya mapipa mawili (moja la kufulia, jingine la kukamulia), ile ya kujaza maji mwenyewe.

Umeme: laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 2.5, na RCD ya milliampia 30, yaani swichi inayokata umeme ukianza kuvuja. Mashine ikichemsha maji inaweza kuvuta wati 2,000, kwa hiyo waya wa kuunganishia wa sebuleni usitumike. Soketi iwe mita 1.2 kutoka sakafuni, ukuta usiofikiwa na bomba la miguu. Erthi ipimwe kwa kifaa. Mtu atakuwa pekupeku kwenye maji, hapo hakuna kubahatisha.

Mchoraji_Ramani
Dada, hiyo 1.6 kwa 2.8 umepima kabla ya ukuta au baada? Na mlango wa jikoni uko wapi?

MamaWaUyole
Kabla ya ukuta. Tofali ni za inchi 6. Mlango wa jikoni uko katikati ya ukuta mrefu wa nyumba, na wa kutokea nje nilitaka uwe upande mfupi, unaotazama tenki.

Mchoraji_Ramani
Basi ndani utabaki na mita 1.45 kwa 2.5. Mashine ya mlango wa mbele ina kina cha sentimita 60 hivi, mipira ya nyuma inakula 10. Zinabaki 75 za kupita, na mlango wake ukifunguka hapiti mtu. Mimi ningeiacha.

Panga hivi, yote kwenye ukuta wa nje: ukiingia tu, kibeseni cha miguu (60). Kisha benchi la kukalia (110), kimo sentimita 45, chini wazi kwa ajili ya gambuti. Mwisho kabisa, ukishaupita mlango wa jikoni, mashine ya mapipa mawili (80), ambayo kina chake ni kama 45. Jumla 250, imeingia. Anayetoka shamba anaishia kwenye benchi, anageuka anaingia jikoni pekupeku, hana sababu ya kufika kwenye mashine. Huko mwisho ndiko kwa nguo safi. Misumari ya makoti iwe juu ya benchi tu, ya watoto kimo cha sentimita 100.

BibiWaRungwe
Mwanangu, huku Tukuyu mvua tunazijua. Nguo yenye tope usiitie kwenye mashine. Iache tope likauke, ulikung'ute nje, uisuuze kwenye kibeseni, ndipo ifuliwe.

Kuhusu kukausha: pipa la kukamulia linakusaidia sana, nguo zinatoka na unyevu kidogo. Juu ya mashine weka bati moja la kupitisha mwanga, na kuta mbili zinazotazamana ziwe na matundu ya hewa, moja chini na jingine juu. Hewa isipopita utafuga ukungu. Na Juni, baridi ikibana, usije ukaingiza jiko la mkaa humo kukaushia nguo. Chumba kidogo kile, moshi wake usioonekana unaua watu wamelala.

MamaWaUyole
Asante sana bibi, shikamoo. Asanteni wote. Nimeachana na ya mlango wa mbele, nachukua ya mapipa mawili. Fundi Bomba, bomba la kutolea maji ya mashine liwekwe kimo gani?

FundiBomba_Iringa
Hapo umeuliza la maana, kwa sababu umebadilisha mashine. Ya mlango wa mbele inasukuma maji kwa pampu, bomba linapanda ukutani. Nyingi za mapipa mawili hazina pampu, maji yanashuka yenyewe kwa mpira unaolazwa chini. Kwa hiyo tundu lake liwe sakafuni nyuma ya mashine, PVC ya inchi 2, lenye kizuizi cha harufu. Mashine iinue kwa tofali zilizosakafiwa, sentimita 10 zinatosha.

Kabla tailizi hazijabandikwa, mwambie fundi amwage ndoo ya maji pale mwisho, wewe ukiwepo. Yakituama popote, arudie sakafu kwanza ndipo umlipe.