Hisabati, Takwimu, Aktuaria au Ualimu wa Hesabu: yupi anafika wapi?

Nyanza_Kaka (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, PCM, daraja la kwanza. Hesabu A, Fizikia B, Kemia C. Nyumbani wote wanamsukuma kwenye uhandisi lakini mwenyewe hataki kusikia. Anapenda hesabu tangu shule ya msingi. Dirisha la maombi limeshafunguliwa, na mezani tuna machaguo manne:

- BSc Hisabati, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam)
- Shahada ya Takwimu Rasmi, EASTC (Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika) pale Changanyikeni
- Aktuaria (hesabu za bima na pensheni), UDSM au IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha)
- BSc na Ualimu, DUCE (Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam), somo kuu Hisabati

Baba anauliza jambo moja tu: akimaliza atafanya kazi wapi? Mama anataka ualimu, anasema mwalimu wa hesabu hakosi kazi. Naomba waliopita njia hizi watulinganishie: darasani wanasoma nini hasa, na kazini wanaishia wapi. Natanguliza shukrani.

Mtakwimu_wa_Dodoma

Mkuu, mpe hongera binti. A ya hesabu si jambo dogo nchi hii, ambako mwaka 2022 ni kama mtahiniwa mmoja kati ya watano tu aliyefaulu Hisabati kidato cha nne.

Mimi nimesoma takwimu na ndiyo inayoniweka mjini, kwa hiyo naisemea. Watu wanadhani mtakwimu ni mtu wa kuhesabu na kuchora grafu. Kazi yenyewe hasa ni kujua namba ipi inadanganya na inadanganya kwa kiasi gani. Nikupe mfano. Ukifungua data ghafi za utafiti wowote wa kaya, tazama safu ya umri. Utakuta watu wengi mno wana miaka 30, 35, 40, 45, halafu wenye 31 au 39 ni wachache ajabu. Si kwamba watu walizaliwa kwa awamu. Mhojiwa hakumbuki mwaka aliozaliwa, au anayejibu ni jirani, basi umri unaviringishwa kuishia na sifuri au tano. Mtakwimu anapima mrundikano huo kwa fahirisi ya Whipple, kisha anaamua kama data zinatumika zilivyo, zinasawazishwa, au wadadisi warudi uwandani. Ukiziacha hivyo hivyo, unaweza kupanga madarasa na chanjo za watoto ambao hawapo.

Darasani atakutana na nadharia ya uwezekano, usampulishaji, rigresheni, data za mfuatano wa wakati, demografia na hesabu za pato la taifa. EASTC ipo tangu 1961, na imejengwa kwa ajili ya takwimu za serikali, siyo za Tanzania peke yake. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Kazi zipo Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), kule Zanzibar ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, wizarani, halmashauri, Benki Kuu, Mamlaka ya Mapato (TRA), na kwenye miradi. Sensa ya 2022 iliyotupa watu 61,741,120 ilifanyika kwa vishikwambi, kwa hiyo mtakwimu wa leo asiyejua kuandika programu anaachwa nyuma.

Kwangu mimi takwimu inashinda.

Mkokotoaji

Nakubaliana na mtakwimu kwa mengi, ila aktuaria isipitwe haraka. Waulizeni wazazi kama wanakumbuka mjadala wa kikokotoo cha mafao. Ile ndiyo aktuaria, wazi mbele ya taifa zima.

Chukua mtumishi aliyechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake kwa mwaka ni shilingi milioni 12. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unagawanya 360 kwa 540, unazidisha na milioni 12, unapata pensheni ya milioni 8 kwa mwaka. Nusu yake inazidishwa na 15.5, anaondoka na mkupuo wa milioni 62. Nusu nyingine anailamba kidogo kidogo, kama 333,000 kwa mwezi.

Ikaja kanuni ya Julai 2022. Kigawanyo kikawa 580, kizidisho 12.5, mkupuo asilimia 33. Mtumishi yule yule sasa mkupuo wake ni kama milioni 30.7, lakini pensheni ya mwezi inapanda hadi kama 416,000. Mwaka 2024 kundi lake likapandishiwa hadi asilimia 40: mkupuo kama milioni 37.2, na mwezi kama 372,000.

Sasa hizo 15.5 na 12.5 ni nini? Ni miaka ambayo mfuko unakadiria mstaafu ataishi baada ya kustaafu. Kuna mtu amekaa na majedwali ya vifo, riba, ongezeko la mishahara na idadi ya wachangiaji, akauliza: mfuko huu utakuwa na fedha miaka 40 ijayo? Akikosea upande mmoja mzee anapunjwa. Akikosea upande wa pili, watakaostaafu baadaye wanakuta kapu tupu. Ni kazi nzito na ni ya heshima, na mimi naipenda kwa moyo wote.

Waajiri ni kampuni za bima, mifuko ya hifadhi ya jamii, mamlaka ya bima (TIRA), mabenki na kampuni za ushauri. Si wengi, nisimfiche. Na shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa aktuari. Aktuari kamili ni yule aliyepita mitihani ya kitaaluma, kwa mfano ya IFoA, chama cha maaktuari cha Uingereza. Hiyo unaifanya ukiwa kazini, kwa miaka, na unailipia. IFoA wana punguzo la ada kwa watu wa kipato cha chini. Mwambie aliombe mapema, wengi hawajui kama lipo.

Chiromo_254

Salamu kutoka Nairobi. Naongezea neno hapo kwa Mkokotoaji, kwa maana huku kwetu tulitangulia. Aktuaria ilipokuwa ndiyo kozi ya wenye alama za juu, kila chuo kikaifungua. Sasa wahitimu ni wengi kuliko viti vya bima na pensheni. Darasa letu wengi tulikwenda kwenye benki, uchambuzi wa data, mikopo ya simu. Si vibaya, ila wengine tungefika huko huko kwa kusoma takwimu tu.

Waliofaulu kubaki kwenye taaluma wana kitu kimoja: walimaliza chuo wakiwa tayari wamepita karatasi mbili tatu za mitihani ya IFoA, kama CS1 na CM1. Mwajiri akiona CV mbili, moja ina karatasi na nyingine haina, haulizi GPA. Kwa hivyo dada huyo aulize chuo kabla ya kujaza fomu: je, masomo yenu yanamsamehe mwanafunzi mtihani wowote wa kitaaluma? Jibu lisiwe la mdomo.

Mwalimu_Kazi

Mama hajakosea. Shule za kata zina njaa ya walimu wa hesabu, na hiyo inajulikana mpaka bungeni. Nimefundisha kidato cha tatu wanafunzi zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, na siku mtoto aliyekuwa anaogopa sehemu anapokuja ubaoni kukokotoa mlinganyo wa kipeo cha pili mpaka mwisho, hakuna mshahara unaolingana na hiyo furaha.

Ila "hakosi kazi" tuiseme vizuri. Siku hizi mwalimu naye anaomba kupitia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na kuitwa kwenye usaili kama wengine. Anaweza kusubiri. Faida yake ni kwamba wakati anasubiri, shule binafsi zinamchukua, na masomo ya ziada yanampa kipato. Asiye na wito lakini asiende. Watoto wanajua mara moja mwalimu asiyewapenda.

Epsiloni

Naona BSc Hisabati imeachwa peke yake, ngoja niitetee.

Mdogo wako aelewe kwanza kwamba hesabu za chuo si mwendelezo wa Advance. Kidato cha sita unaulizwa jibu. Chuoni unaulizwa uthibitisho. Wiki za mwanzo anaambiwa: onyesha kwamba mzizi wa pili wa 2 hauwezi kuandikwa kama sehemu. Anajifanya kukubali kwamba unaweza, anauandika a kwa b iliyorahisishwa mpaka mwisho, anapandisha kwa kipeo cha pili, anagundua a ni shufwa, halafu b nayo ni shufwa, wakati tulisema sehemu imerahisishwa. Dai limejivunja lenyewe. Kuna wanaosisimka hapo wakakosa usingizi kwa furaha, na kuna wenye A za Advance ambao wanauliza "sasa hii inasaidia nini?" na kozi ya uchanganuzi ikiingia na epsiloni zake wanakula sapu (mtihani wa marudio), wengine wanadisko (wanaondolewa chuoni). Mpe huo uthibitisho leo jioni. Uso wake utawaambia zaidi ya sisi wote humu.

Kazi? Anayebaki chuoni kama mkufunzi msaidizi mara nyingi anatakiwa GPA ya 3.8 kwenda juu. Kuna AIMS Rwanda pale Kigali, shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati, yenye ufadhili. Wengine tumeingia kwenye programu na usalama wa mifumo. Njia ni ndefu lakini ni pana, maana mwenye msingi wa hisabati anahamia takwimu au aktuaria kwenye uzamili bila shida. Kurudi upande wa pili ni kugumu.

Mtakwimu_wa_Dodoma

Epsiloni, hilo la kuhamia nakupa. Lakini baba ameuliza kazi, na kazi ya serikali inaanza na tangazo. Nyanza_Kaka, ingia Ajira Portal, tafuta nafasi za Mtakwimu, soma sehemu ya sifa za mwombaji. Tangazo moja linataja Hisabati, jingine linataja Takwimu peke yake. Jina lililo kwenye cheti ndilo linalokupitisha kwenye mchujo wa kwanza. Uelewa wako unakuja baadaye, kwenye usaili. Yasomeni hayo matangazo pamoja naye kabla ya kubofya.

Bint_Kilombero

Hamjataja afya, na huko ndiko takwimu inakookoa maisha. Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), hospitali ya KCMC kule Moshi, hawa wote wanahitaji watakwimu tiba. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika hapa hapa, Bagamoyo na Korogwe. Ni watoto wangapi waingie kwenye jaribio ili matokeo yaaminike? Nani apate chanjo ya malaria na nani apate ya kulinganishia, bila muuguzi wala mzazi kuchagua? Hayo anayaamua mtakwimu kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Akikadiria idadi ndogo, chanjo nzuri inaweza kuonekana haifai.

Njia yake: shahada ya kwanza takwimu au hisabati, halafu uzamili wa takwimu tiba. Wasichana tuko wachache, tunamsubiri.

Nyanza_Kaka

Asanteni sana wote. Nimempa ule uthibitisho wa mzizi wa 2. Amekaa nao kimya, kisha akauliza kama unafanya kazi kwa 3, na kwa nini unakwama kwa 4. Aktuaria ameitoa mwenyewe baada ya kusoma habari za mitihani ya kulipia. Sasa yuko kati ya hisabati na takwimu. Maswali mawili: mkopo ukoje, na kompyuta ya namna gani?

Mwalimu_Kazi

Huyo aliyeuliza habari za 4, msimnyime hesabu jamani.

Mkopo: aombe HESLB (Bodi ya Mikopo) bila kusubiri majibu ya chuo. Ajue kwamba akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe, na asiingie mwaka wa kwanza akitegemea bumu (fedha za kujikimu za mkopo) litoke wiki ya kwanza. Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022, ni kwa waliofaulu juu kabisa tahasusi za sayansi. Aangalie orodha, lakini msipange bajeti juu yake.

Mtakwimu_wa_Dodoma

Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8 inatosha miaka yote mitatu. Msinunue programu yoyote. R na Python, lugha za programu za kuchambua data, ni za bure, na zinafanya kazi zote atakazokutana nazo. SPSS na Stata akizihitaji atazikuta maabara ya chuo. Akiingia BSc Hisabati, achague kila kozi ya hiari ya takwimu inayopatikana na ajifunze R peke yake kuanzia likizo hii. Akiingia takwimu, asikimbie kozi za uthibitisho. Na barua ya mafunzo kwa vitendo aipeleke mapema NBS au Ifakara, nafasi zinajaa haraka.