Nyuzi bapa au nyuzi za mviringo kwa besi ya kwaya na dansi?

MpigaBesi_Ngamiani:

Ndugu zangu wapiga besi, habari za kazi. Ninapiga besi katika kwaya ya kanisa hapa Tanga, na mwisho wa wiki huwa ninaitwa na bendi ya dansi inayopiga kwenye harusi. Gitaa langu ni la nyuzi nne, la urefu wa kawaida wa inchi 34, lenye pikapu mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), na tangu nilinunue limevaa nyuzi za mviringo za unene wa 45 hadi 105 kwa vipimo vya elfu ya inchi, yaani zile zinazopatikana kirahisi madukani.

Nina malalamiko mawili. Kanisa letu lina sakafu ya vigae na paa la bati lisilo na dari, hivyo kila ninapohamisha mkono kutoka freti moja hadi nyingine mkwaruzo wa vidole husikika hadi viti vya nyuma, na tunaporekodi nyimbo za taratibu unashindana na sauti za alto. Pili, kwa jasho na hewa hii ya bahari, nyuzi hupoteza uhai mapema mno, na ninachobaki nacho ni mvumo usio na sura.

Mwalimu wa kwaya ananishauri nifunge nyuzi bapa. Kiongozi wa bendi naye anasema nikifanya hivyo sitasikika kabisa kwenye sebene. Kwa kuwa pakiti moja ya nyuzi bapa inauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya nyuzi ninazotumia, na ni lazima niiagize, nisingependa kununua kwa kubahatisha. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa aina zote mbili.

FundiWaShingo:

Ndugu, tuanze na umbile la uzi wenyewe, kwa sababu humo ndimo yanamotoka yote unayoyasikia. Kila uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya. Kwenye uzi wa mviringo waya huo ni wa duara, kwa hiyo uso wa uzi una matuta na mabonde madogo ambayo ukipitisha ukucha utayahisi. Kwenye uzi bapa kilichozungushwa ni utepe mwembamba, aghalabu wa chuma cha pua, uliolazwa ubavu kwa ubavu hadi uso wote ukawa laini. Mkwaruzo unaokukera ni vidole vinavyopita juu ya matuta hayo, na katika mabonde yale yale ndimo jasho, mafuta na ngozi iliyokufa vinamojikusanya hadi sauti za juu zikazimika. Uzi bapa hauna mahali pa kuficha uchafu wa kiasi hicho. Ndiyo maana huzeeka polepole sana, na wapigaji wengi huona kwamba sauti yake hunoga baada ya miezi kadhaa ya kuchezwa, wakati ule mng'ao wa kwanza wa dukani umekwisha.

Hata hivyo, wengi hubishana kuhusu bapa na mviringo huku wakisahau uzito, ambao kwa mikono yako na kwa shingo ya gitaa ni jambo kubwa zaidi. Katika unene ule ule, utepe hujaza nafasi ambayo waya wa duara huiacha wazi, hivyo uzi bapa kwa kawaida huwa na chuma kingi zaidi kwa kila sentimita, na ili ufikie noti ile ile hauna budi kuvutwa kwa nguvu zaidi. Lakini hilo si sheria. Pakiti ya kampuni ya La Bella inayohusishwa na mpiga besi James Jamerson ni ya inchi 0.052 hadi 0.110, na mtu aliyezoea nyuzi laini ataona anapigana nayo; Thomastik-Infeld wa Vienna hutengeneza nyuzi bapa za 0.043 hadi 0.100 zenye mvuto mdogo, ambazo wengine hulalamika kwamba zinayumba mno chini ya kidole. Zote ni bapa, ila zinampa mpigaji kazi mbili tofauti kabisa.

Kwa kuwa nimemtaja Jamerson, niseme pia kwamba mtu asiagize pakiti hiyo akidhani ananunua sauti yake. Yule bwana wa kampuni ya rekodi ya Motown, Detroit, alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, nyuzi zikiwa zimeinuliwa juu sana ya shingo, sponji ikiwa chini ya kifuniko cha daraja (pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gitaa), na nyuzi alizibadilisha zilipokatika tu. Uzi bapa ulikuwa sehemu moja ya mpango mzima.

Kwa kanisa hilo la vigae na bati, ningefunga bapa bila kusita.

Sebene_Nairobi:

Ninamheshimu Fundi, lakini kiongozi wa bendi yako hajasema jambo la kupuuzwa, na sababu yake iko kwenye spika kuliko kwenye gitaa.

Uzi wa E ukipigwa wazi hutoa sauti ya msingi ya takriban hezi 41. Spika nyingi za kukodi zinazoletwa kwenye harusi haziwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu ya maana, na fundi mitambo mwenye busara huikata makusudi ili asizichome. Kinachomfanya msikilizaji aamini kwamba anasikia E ni zile sauti za juu zinazoandamana na msingi, za hezi 82, 123 na kuendelea, ambazo sikio huzitumia kukisia kilichokosekana. Nyuzi mpya za mviringo zimejaa sauti hizo. Nyuzi bapa huzipunguza, hasa zile za juu kabisa, na huzizima haraka baada ya kidole kuachia. Kwa hiyo besi ile ile inayojaza chumba cha mazoezi kupitia amplifaya yenye spika ya inchi 15 inaweza kupotea kabisa uwanjani, mpigaji akabaki anaongeza sauti na kuambulia kuvuma tu.

Kwenye sebene mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa pale besi haishikilii noti ndefu. Inakatakata na kuruka, inajibizana na ngoma ya mguu, na juu yake kuna magitaa mawili au matatu ambayo hayapumziki. Ule mgongano wa kidole na uzi ndio unaompa mchezaji mahali pa kuweka mguu. Si bure kwamba mwaka 1966 John Entwistle wa The Who alishirikiana na Rotosound wa Uingereza kupata nyuzi za mviringo zilizolia kama piano: alikuwa kwenye bendi yenye kelele nyingi na alitaka kila noti yake isikike.

Kabla ya kutuma pesa, fanya majaribio haya ambayo hayana gharama. Punguza kitufe cha toni hadi karibu na mwisho, kisha kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo na ukisukume chini ya nyuzi karibu na daraja, kiziguse tu bila kuzibana. Hutapata sauti ya nyuzi bapa hasa, ila utapata mwelekeo wake: noti fupi, nene, isiyo na mng'ao. Ipige hivyo kanisani Jumapili na kwenye harusi Jumamosi, na umwombe mtu anayejua muziki asimame mbali na jukwaa akusikilize. Ukipenda, ushindi umeupata kwa bei ya sponji.

Kuhusu mkwaruzo, sehemu yake ni mkono. Ukiachia uzi kabisa kabla ya kuhama, badala ya kuuburuza, kelele itapungua sana hata kwa nyuzi ulizo nazo. Ukimaliza kupiga, zifute kwa kitambaa kikavu, juu na chini, maana jasho la pwani halisubiri kesho. Wapo wanaozichemsha kwenye maji ili kuzifufua. Inasaidia kwa muda mfupi, kisha zinakufa tena, na usipozikausha vizuri unaalika kutu.

Kontrabesi_Unguja:

Naomba niongeze kutoka upande wa taarabu. Vikundi vya taarabu asilia hapa Zanzibar vingali vinatumia kontrabesi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa ikiwa imesimamishwa, na pale inapokosekana gitaa la besi hushika nafasi yake, likiwa katikati ya fidla, kanuni, udi na akodiani. Katika mchanganyiko huo nyuzi za mviringo zikiwa mpya huwa kero, kwa sababu mlio wake wa chuma huingia pale pale zinapokaa kanuni na udi. Nyuzi bapa huacha nafasi hiyo wazi. Gitaa la besi la Fender la mwaka 1951 lilikuja kuwa mbadala wa kontrabesi, na kwa miaka mingi nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida kwenye besi za umeme, kwa hiyo mwalimu wa kwaya yako hakushauri jambo geni.

Ila sikubaliani na Ndugu Sebene anapozifanya nyuzi bapa zionekane za watu wapole. Steve Harris wa Iron Maiden hupiga muziki wa kelele na kasi akiwa na nyuzi bapa za Rotosound za 0.050 hadi 0.110, na kila mtu anamsikia. Anazipiga kwa nguvu, na hangoji zichakae. Mkono wenye nguvu, pikapu ya karibu na daraja na sauti za kati zilizoinuliwa vinaweza kurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho utepe umekiondoa.

Ipo pia aina ya tatu, ya waya wa duara uliosagwa juu baada ya kuzungushwa. Inapunguza mkwaruzo na kubakiza mng'ao kiasi. Binafsi sijaipenda, naiona imekosa huku na huku.

MpigaBesi_Ngamiani:

Nawashukuru nyote. Nimeijaribu sponji. Kanisani mwalimu alifurahi, na wanakwaya walisema wanaisikia besi vizuri zaidi kuliko awali. Kwenye harusi mambo yalikuwa kama Ndugu Sebene alivyosema: nyimbo za mwanzo zilikwenda vyema, lakini magitaa yalipoanza kuchemka nikalazimika kuichomoa sponji katikati ya wimbo. Je, inafaa niwe ninafunga bapa kwa ajili ya Jumapili na kurudisha za mviringo kwa ajili ya harusi?

FundiWaShingo:

Hapana, ndugu yangu, usifanye hivyo. Kila unapobadilisha aina, mvuto juu ya shingo hubadilika, shingo nayo hujikunja au kunyooka, na utakuwa unaizungusha ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, inayorekebisha mkunjo wake, kila wiki hadi siku ikatae. Uzi nao ukishakatwa na kukunjwa kwenye kifunguo haupendi kufunguliwa na kufungwa tena na tena.

Kwa kuwa sponji imekuonyesha kwamba harusini unahitaji ukali, na mkate wako uko kwenye harusi, baki na nyuzi za mviringo kwenye gitaa hili. Safari ijayo chukua zilizopakwa nikeli badala ya za chuma cha pua kitupu: ni laini zaidi kwa vidole na kwa freti, na mlio wake si mkali sana. Kanisani endelea na sponji. Siku utakapopata gitaa la pili, hata kuukuu, hilo ndilo la kulivika nyuzi bapa na kuliacha nazo kwa miaka.

Siku hiyo ikifika, chagua unene usiozidi ule uliouzoea, badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isiachiwe mvuto wote kwa mara moja, na ukunje ncha ya uzi pembe kali kwenye kifunguo kabla ya kuikata. Ukikata kwanza, utepe unaweza kuteleza juu ya kiini na uzi mpya ukafa siku hiyo hiyo. Ziache zilale usiku kucha zikiwa zimetyuniwa. Asubuhi bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uchungulie karibu na freti ya nane: uwazi wa takriban unene wa kadi ya mwaliko unatosha. Ukizidi sana hapo, kaza fimbo robo mzunguko, kisha subiri kabla ya kuigusa tena.