Naomba ushauri: nitajikinga vipi na kisukari cha ujauzito?

Mama Nyalenda: Hamjambo wapendwa. Niko Kisumu, mja mzito wa wiki 18, na hofu ya kisukari cha ujauzito inaninyima usingizi. Nimeacha ugali kabisa na kila jioni natembea. Je, inatosha?

Mkulima wa Ahero: Hapa kwetu tunakula wali mchana na usiku, na wake zetu hujifungua salama. Kinachowaponza vijana ni soda na mandazi.

Muuguzi Mstaafu: Dada, ugali usiuache, upunguze: kiasi cha ngumi yako, pamoja na omena na mboga tele, iwe osuga au sukuma wiki. Chai punguza sukari. Kutembea kwa mwendo wa kukaza dakika 30, siku tano kwa wiki, hasa baada ya kula, huisaidia misuli kuitumia sukari iliyo katika damu. Lakini hofu hii imetoka wapi? Ni mimba ya kwanza?

Mama Nyalenda: Ni ya pili. Wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.6, nikaambiwa sukari yangu ilikuwa juu. Sikulitaja kwa sababu mngenihimiza nikapime, nami nimeshaamua kwamba ile glukosi ya kipimo sitainywa, isije ikamdhuru mtoto. Badala yake siku hizi silali na chakula tumboni.

Baba Pacha, Nakuru: Kisa hiki kimetungwa. Aliyepitia upasuaji wa namna hiyo hawezi kukikataa kipimo.

Mama wa Kakamega: Anaweza sana. Dada yangu alikwepa kliniki kwa woga ule ule, na leo anaishi na kisukari cha kudumu.

Mama Nyalenda: Sijatunga neno. Kovu ninalo.

Muuguzi Mstaafu: Nakuamini, na kwa historia hiyo usingoje wiki ya 24 hadi 28 kama wengine, nenda kliniki wiki hii. Kinywaji kile ni gramu 75 za glukosi, hunywewa mara moja, na hakimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni sukari inayokaa juu kwa miezi bila kujulikana. Mlo na mazoezi hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa kuwa homoni za kondo la nyuma huizuia insulini kufanya kazi yake ya kushusha sukari. Chakula cha jioni ule, japo kidogo.

Mama Nyalenda: Nitakwenda Jumatatu nipimwe kabla ya kula. Hiyo glukosi nitaiamua nikiwa huko.