Mjadala: Je, ni sahihi kufunga hadidu za rejea kabla msanifu hajashika kalamu?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana linagusa majengo tunayojengewa kwa kodi zetu: shule, zahanati, stendi, masoko.

Utaratibu tuliouzoea kwenye zabuni za umma ni huu. Mwenye mradi anaandika mahitaji yote, anayafunga kwenye hadidu za rejea, ndipo msanifu majengo anaitwa. Malipo yake yanafuata hatua: ripoti ya uchambuzi, wazo la awali, michoro kamili. Akigundua katikati ya kazi kwamba mahitaji yaliandikwa vibaya, ni barua na vikao, na mara nyingi jibu ni "fuata ulichopewa". Vyuoni nako mwanafunzi anasahihishwa kwa mpangilio huohuo.

Msimamo wangu: utaratibu huu umesimama juu ya nadharia ambayo baadhi ya waasisi wake wenyewe waliikana zamani.

Mwaka 1962 ulifanyika mkutano pale Imperial College, London, kuhusu mbinu za kubuni. Matumaini ya wengi wa waliohudhuria yalikuwa kuifanya kazi ya kubuni iende kama sayansi: chambua tatizo, unganisha majibu, pima. Aliyelifikisha wazo hilo mbali zaidi ni Christopher Alexander, aliyekuwa amesoma hisabati pamoja na usanifu. Katika kitabu chake cha 1964 alichukua kijiji cha India chenye watu wapatao 600, akaorodhesha mahitaji 141, akatazama lipi linagongana na lipi, kisha akayagawa katika makundi kwa hesabu. Hakuna hadidu za rejea nilizowahi kuona zenye umakini wa namna hiyo. Lakini 1971, kwenye dibaji ya toleo jipya la kitabu hichohicho, alilikataa kabisa wazo la kuzifanya mbinu za kubuni kuwa somo linalojitegemea, mbali na kazi ya kubuni yenyewe. John Chris Jones, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa vuguvugu lile la mbinu za kubuni, naye alijitenga nalo.

Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaeleza kwa nini mpango ule wa kuchambua kwanza unakwama. Matatizo ya mipango ya jamii hayaandikiki yakaisha, kwa sababu kila suluhisho unalolifikiria linakufunulia upande wa tatizo ambao hukuwa unaujua.

Tuchukue zahanati. Hadidu zinasema: "sehemu ya kusubiria, moja". Kwenye karatasi ya mahitaji hakuna kasoro. Chora sasa mlango, dirisha la dawa na chumba cha chanjo, halafu fuata kwa kidole njia ya mama mwenye mtoto mchanga. Utamkuta anapita mbele ya benchi la watu wanaokohoa, kwenda na kurudi. Hitaji la kuwatenganisha limezaliwa pale kwenye mchoro. Asingeliandika mtu ofisini, hata angekuwa mtaalamu kiasi gani.

Mtafiti Jane Darke aliwahoji wasanifu waliobuni nyumba za halmashauri za London, akachapisha 1979. Alikuta kwamba hawakuanza na orodha. Walishika mapema wazo moja au mawili, wakachora, na mchoro ndio uliowaonyesha mahitaji mengine. Mwaka 2001 watafiti wa ubunifu Kees Dorst na Nigel Cross wakaandika kuhusu wabunifu 9 wazoefu waliopewa kazi moja, kila mtu peke yake: mfumo wa taka kwenye treni za Uholanzi. Wengi wao walifika palepale, kwamba magazeti yatengwe na taka nyingine, na walipofika hapo wakalitazama upya tatizo zima. Tatizo na jibu vilikuwa vinakua pamoja.

Nauliza basi: kwa nini tunalazimisha kimoja kikamilike ndipo kingine kianze?

Mchangiaji, mhandisi

Mkuu, heshima kwako, ila umeongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya mkaguzi wa hesabu.

Hadidu zikiachwa wazi, atakayefaidika si yule mama wa zahanati. Atafaidika anayejua kutumia "tumegundua hitaji jipya" kupandisha bei. Mabadiliko ya kazi katikati ya mkataba ndiyo mlango ambao fedha za umma huvujia, na kila aliyewahi kusimamia mradi analijua hili. Mkadiriaji majenzi anahitaji kitu kilichotulia ili akadirie. Bajeti inapitishwa mara moja kwa mwaka.

Halafu umemruka Herbert Simon, mtafiti wa namna watu wanavyotatua matatizo. Mwaka 1973, mwaka uleule wa Rittel na Webber, aliandika kwamba hata tatizo lisilo na umbo linafanyiwa kazi kwa kukatwa vipande vidogo vinavyoeleweka, na mfano wake ulikuwa msanifu anayebuni nyumba. Mimi nikipiga hesabu za nguzo sihitaji falsafa ya tatizo zima, nahitaji uzito na urefu. Ukiondoa hatua, utatusaidiaje kazi ikiwa na watu ishirini?

Mchangiaji, mwalimu wa chuo

Naongeza kidogo. Mtafiti wa ubunifu Bryan Lawson aliwapa wanafunzi vipande vya mbao vyenye rangi wavipange kwa kufuata sharti ambalo walifichwa. Wa sayansi walijaribu kwanza kulifichua sharti lenyewe. Wa usanifu waliokaribia kuhitimu waliweka mpangilio waliouona bora, ukikataliwa wakaweka unaofuata kwa ubora. Lakini kwa walioanza masomo tofauti hiyo haikujitokeza waziwazi. Maana yake namna hii ya kufikiri inafundishwa na inachukua miaka. Kijana wa mwaka wa kwanza ukimwambia "anza na wazo", anakuletea jengo aliloliona kwenye simu. Hatua zinamsaidia awe na pa kushika. Tusiwanyang'anye.

Mleta mada

Mwalimu, kwa mwaka wa kwanza nakubaliana nawe. Ninachopinga ni mwanafunzi wa mwaka wa nne kukatwa maksi kwa sababu mchoro ulimrudisha kwenye uchambuzi.

Mhandisi, hoja ya fedha ni nzito na sitaipuuza. Ila angalia: unachokililia ni kufunga kabla ya mkataba wa ujenzi. Nami nataka hivyohivyo. Tofauti yetu ni kitu gani kifanyike kabla ya kufunga. Donald Schön, aliyechunguza namna wataalamu wanavyofikiri kazini, katika kitabu chake cha 1983, anamwonyesha mwalimu na mwanafunzi mbele ya mchoro wa shule kwenye kiwanja chenye mteremko. Mwanafunzi amekwama. Mwalimu anaweka karatasi angavu juu ya mchoro wake, anaanza kuchora na huku anaongea, na anamwambia aweke kwanza mpangilio fulani, hata kama ni wa kukisia tu, maana anaweza kuuvunja baadaye. Kuvunja kwenye karatasi kunagharimu karatasi. Kuvunja tofali ndiko kunakozaa hizo nyongeza unazoziogopa, na zinakuja kwa sababu hadidu ziliandikwa na watu ambao hawakuchora chochote.

Hata Simon hakatai hili. Kwenye andiko lilelile anasema vipande vinapatikana kadiri msanifu anavyoendelea, havikupangwa mezani siku ya kwanza.

Pendekezo langu: mikataba miwili. Wa kwanza mdogo, wa kulipia michoro ya majaribio pamoja na watakaolitumia jengo, muuguzi awepo, mfagizi awepo. Hadidu zifungwe mwisho wa mkataba huo, na michoro yote iliyokataliwa ihifadhiwe kwenye jalada ikiwa na tarehe na sababu ya kukataliwa, mkaguzi aisome. Wa pili uende kwa hatua zako zote, na bei isiguswe. Kama unaona fedha bado zitavuja hapo, nionyeshe zitapitia wapi.