Hita ya bwawa yasema maji ni digrii 19, Mombasa hii hii! Na fundi ataka 78,000 za bodi

Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo. Anayetaka upole asubiri uzi mwingine.

Tuko Nyali. Bwawa letu ni dogo, la nyuma ya nyumba, na kabla hamjaniuliza ni nani apasha maji moto Mombasa: mamangu ana magoti mabovu, ameambiwa afanye mazoezi majini kila asubuhi, na kusi likivuma mwezi wa saba mwili wa mtu mzima haukubali maji baridi. Ndipo tukanunua hita, zile zinazofanya kazi kama kiyoyozi kilichogeuzwa, zavuta joto la hewani na kulitia majini. Tukaiweka digrii 30. Ikaenda vizuri, sina neno.

Mpaka asubuhi moja mamangu alipotia mguu akautoa mbio. "Mwanangu, leo mwataka kunichemsha?" Nikatia themomita ya kioo, ile ya kuelea: 36. Nikaangalia hita: 19. Na mashine yanguruma tu, yadhani bwawa lina baridi, tokeni zaisha kama maji ya mtungi uliotoboka.

Hebu tusimame kwenye hiyo 19. Hata usiku wa baridi wa Agosti hewa ya Mombasa huwa digrii 20 na kitu. Bwawa lililopigwa jua mchana kutwa, tena lina hita, lipate wapi 19? Hapa ni Nyali au Limuru? Mtu wa kazi hii, anayeishi mji huu, akiona nambari hiyo ajua papo hapo kwamba anayedanganya ni kipimo.

Nikawapigia waliotuuzia. Fundi akaja na gari, shati la kampuni, buti safi. Mita, kile kidude cha kupimia umeme kwenye nyaya, hana. Nasema tena kwa wale wanaosoma haraka: fundi wa umeme alikuja bila mita! Akatazama kioo cha hita, akapiga picha kwa simu, akasema, "Mama, hii ni bodi. Ishakufa." Bodi ni ule ubao wa umeme unaoiongoza hita. Jioni karatasi ya bei ikaingia kwa WhatsApp: bodi 78,000, kazi mbali, ushuru mbali. Nikamuuliza, na sensa je, ile inayoipimia bodi joto la maji? "Sensa huwa haiharibiki, mama."

Haiharibiki! Kitu chenyewe ni punje iliyofungwa ndani ya kijibomba cha chuma, ikaunganishwa na nyaya mbili nyembamba, ikakaa kwenye maji ya klorini na hewa ya pwani mwaka mzima. Kwenye hita na viyoyozi ndiyo huwa ya kwanza kushukiwa, kwa sababu kuipima ni kazi ya dakika chache. Ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, hupimwa kwa omu; hushuka maji yakipata moto na hupanda yakipoa. Aina hii yetu, ambayo ni ya kawaida sana, kwa digrii 25 husoma omu 10,000. Kwa 36 yafaa isome kama 6,200. Kwa 19 ni 13,000 na kidogo. Bodi haina macho, yahesabu omu tu. Ukiongeza ukinzani mahali popote njiani, kutu au kiungio kibovu, bodi yaamini maji yamepoa na yazidi kuchochea moto.

Haya sikuyasoma chuo. Nimefundishwa na kijana wa Kisauni atengenezaye friji, niliyemwita kwa sababu nilikataa kulipa. Yeye alikuja na mita na mkoba wa rezista, vidude vyenye ukinzani usiobadilika. Alizima swichi kubwa kwanza (ndani mna umeme wa volti 240, msijaribu bila kuzima), akachomoa sensa kwenye bodi, akaweka rezista ya omu 10,000 mahali pake, kidude cha shilingi chache. Akawasha. Kioo kikasoma 25.

Basi. Bodi iliyokufa ikasoma 25 sawasawa. Ile ile ya 78,000.

Kisha akarudi kwa sensa. Akipima kutoka upande wa bodi, mita yasema 13,000 na kitu, na akitikisa waya nambari yaruka juu, yashuka, hairudi mahali pamoja. Tukaufuata waya mpaka nyuma ya pampu. Hapo, chini kabisa, palipo na unyevu siku zote, pana kiungio. Waya wa kiwandani haukufika, kwa hivyo walioifunga hita waliuongezea kipande, wakazisokota nyaya kwa vidole, wakazungusha tepu nyeusi. Bila lehemu. Alipoibandua tepu ilitoka na unga wa kijani, shaba imeliwa, uzi mmoja ukakatika mkononi mwake tukiangalia. Akakata sehemu ile, akapima sensa yenyewe: 6,200 na kidogo. Sensa nzima, bodi nzima, kiungio chao ndicho kibovu.

Akalehemu, akavisha mpira wenye gundi ndani unaobana ukipigwa joto, akauinua waya ukutani. Hita na themomita sasa zapishana digrii moja tu. Alichotoza hakifiki hata kile wanachodai wenzake wa kampuni kwa "kuja kuangalia".

Ndiyo, kuangalia kwenyewe wameniletea bili. Na nilipowatumia picha ya ule unga wa kijani na kuuliza habari za waranti, jibu ni kwamba "athari za hewa ya chumvi hazimo". Hewa ya chumvi! Kwani bahari imehamia Mombasa wiki iliyopita? Mwauza hita Nyali, mwafunga hita Nyali, mwajua bahari iko wapi. Chumvi haikusokota nyaya kwa vidole.

Na tusiifanye ni habari ya pesa peke yake. Maji ya 36 kwa mtu mzima mwenye presha kama mamangu si mchezo, na hita ile ilikuwa bado yapanda.

Bili yao silipi. Nataka waandike kwa barua kwamba kiungio ni chao, wanirudishie nilichomlipa kijana wa friji, na waje wakague viungio vingine walivyofunga hapa kwangu, safari hii na mita.

Mlio na hita za namna hii Nyali, Bamburi, Shanzu mpaka Mtwapa: zimeni umeme, fuateni waya wa sensa mwone kama umeungwa kwa tepu. Mkikuta, wekeni picha hapa chini. Na yeyote aliyeambiwa "ni bodi" bila kupimiwa, aseme alitozwa ngapi.