Mrejesho: baba na taya lililokaza baada ya mionzi

Wakuu, niliuliza kuhusu baba: kamaliza mionzi ya saratani ya koo, mdomo mkavu, taya limekaza hata kijiko hakipiti. Asanteni mliosema tumwone mtaalamu wa kumeza. Anafanya mazoezi ya kufungua kinywa kila siku, anapima kwa vidole vinavyoingia kati ya meno ya juu na ya chini: alianza na kimoja, leo viwili vinaingia, cha tatu bado kinabishana. Mate hayajarudi, chupa ya maji haimtoki mkononi. Jino lilipomuuma nusura tuling'oe kienyeji! Kumbe mfupa wa taya uliopigwa mionzi unaweza kugoma kupona, daktari wa meno lazima aambiwe kwanza kuhusu mionzi. Vipimo vya damu vimeonyesha tezi ya thairoidi (ile ya shingoni inayosaidia mwili kupata nguvu) imelegea, haifanyi kazi vizuri, kaanza vidonge. Kumbe hiyo inachosha, na uchovu wake mimi nilikuwa nauita uvivu, nimemwomba radhi.